Mtu wa Pangani Aliyezikwa Gulwe

Siku tulipomzika Bi Zuhura kule Kondoa, kijana mmoja aliyekuwa akiwapangia wageni mahali pa kukaa aliniuliza mimi ni nani wa marehemu. Marehemu alikuwa Mrangi, mimi ni Mgogo. Yeye Mwislamu, mimi nimekulia kanisani. Nikamwambia niliwahi kuishi nyumbani kwake mwaka mmoja tu, zamani sana, Gulwe. Kijana aliitikia kwa adabu, akanionyesha mkeka wa majirani. Pale mkekani wanawake walimsifu marehemu kwa usafi wake na kwa mkono wake wa kupika, na mmoja akasema kwamba aliwahi kuolewa na mtu wa pwani. "Alifia wapi huyo?" aliuliza mwingine. "Huko huko relini," akajibiwa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ufuta. Jioni, basi lilipokuwa likipita Chemba katika vumbi la mifugo inayorudishwa kutoka mnadani, nilitambua kwamba sasa nimebaki peke yangu. Waliokuwa katika nyumba ile wote wamekwisha, na yaliyosemwa mle hayajulikani na mtu mwingine yeyote.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi pale Gulwe. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo mwalimu mkuu alinipeleka kwa Mwalimu Omari, mzee aliyestaafu kufundisha historia katika sekondari moja ya Mpwapwa, ambaye alikuwa na chumba kitupu na hakuwa na mtoto. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya udongo, bati juu, hatua chache kutoka reli, na treni ya mizigo ilipopita vikombe vilicheza kabatini. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na ukuta mmoja uliopakana na chumba chao, ukuta mwembamba ambao haukufika kwenye paa. Mwanzoni nilijitahidi kutosikiliza. Baadaye nilizoea, na sasa naweza kusema kwamba sehemu kubwa ya ninayoyajua juu ya ndoa niliyasikia kupitia pengo lile la juu ya ukuta.

Mwalimu Omari alikuwa mtu wa Pangani, na jambo hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Tulikula pamoja, sote watatu, kwenye chumba cha mbele, ugali wa uwele na mlenda, au maharage. Na mara mojamoja, mfanyakazi wa treni aliyefahamiana naye alipomletea nazi kutoka Dar es Salaam, Bi Zuhura alikaa kwenye mbuzi akakuna, nasi tukala wali. Siku hizo za wali Mwalimu alikuwa hasemi, anahubiri. Alisogeza sahani, akachora kwa kidole juu ya kitambaa cha plastiki: huu hapa mto, huu mlango wake, huku mji, kule ng'ambo Bweni, na pantoni inavuka hapa. Alinisimulia nyumba za mawe na chokaa zenye milango ya nakshi iliyopasuka kwa chumvi, na pembe za ndovu zilizoteremshwa pale kabla babu zake hawajazaliwa, na mashamba ya miwa yaliyopanda kandokando ya mto, na mitambo ya kukamulia iliyozungushwa na ngamia. Alinisimulia jinsi watu wa mji ule walivyowainukia Wajerumani, kisha Wajerumani wakajenga boma lao, kisha katani ikaja ikawameza vijana wote, kisha katani nayo ikafa na mji ukabaki umekaa tu, unautazama mto. "Ndiyo maana Mpangani hana haraka," alisema. "Ameona kila kitu kikija kwa kelele na kuondoka. Ukimwomba jambo hatakwambia hapana. Atakwambia inshallah, kesho inshallah, mpaka uchoke mwenyewe uende zako." Alicheka, nami nikacheka, mimi niliyekuwa sijawahi kuiona bahari. Nilimwuliza mashamba hayo ya miwa yalilimwa na nani. "Watu," alijibu, akavuta sahani yake.

Bi Zuhura hakuwa akicheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na macho makali, na kila hadithi ya Pangani ilipoanza aliondoka kwenda kuchochea moto hata kama haukuhitaji kuchochewa. Alasiri moja, nikiwa chumbani nasahihisha madaftari, nilimsikia akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Unampambia huyu mtoto pwani kama bibi harusi. Mwambie na yale mengine."

"Yapi?"

"Yaliyokuleta huku. Au mpaka leo unadhani naamini ulinifuata mimi?"

Nilisikia mlango wa uani ukifunguliwa, na baada ya muda nikamwona Mwalimu kupitia dirisha langu, amesimama karibu na reli, mikono nyuma, akiangalia upande wa magharibi ambako reli hupotea kati ya vichaka vya miiba. Nilidhani ni ugomvi wa kawaida wa wazee. Nikarudi kwenye madaftari.

Mwezi uliofuata, baada ya mavuno, bibi yangu Perisi alikuja kunitazama. Alikuwa shangazi wa baba yangu, mjane, mkavu kama kuni, na alikuja na kibuyu cha maziwa na karanga ndani ya kitambaa. Mwalimu alimpokea kwa heshima kubwa. Alimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," na bibi akafurahi, akaitikia, akamwuliza amejifunza wapi lugha ya watu. Siku hiyo tulikula ugali kwa maziwa, na Mwalimu, kwa kutaka kumchangamsha mgeni, akaanza utani wa Wagogo na misafara ya zamani. Alisema babu zetu walikuwa wajanja, waliwatoza watu wa pwani hongo kwa kila kisima, nguo na shanga, na tajiri wa msafara alifika Unyanyembe kule Tabora amebaki na kilemba tu. Bibi alitabasamu kidogo. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake kizito cha kanisani, "Hongo ilichukuliwa na wakubwa, mwalimu. Sisi tulitoa watu."

Mwalimu alilirudisha tonge sahanini.

"Ilikuwa njaa," bibi aliendelea, akinawa mkono polepole. "Mvua ilikataa miaka. Msafara ukapita una nafaka. Babu wa mama yangu alikuwa na mabinti wawili. Mmoja akampa wale watu, akapewa mtama. Walisema ni rehani, mvua ikirudi atamkomboa. Mvua ikarudi. Wao hawakurudi. Yule aliyebaki ndiye aliyemzaa mama. Alikuwa hali mtama. Mpaka anakufa, alikuwa hali mtama."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Katika nyumba yetu ilikuwa haisemwi. Bi Zuhura, ambaye kila mara alikuwa anaondoka, safari hii hakuondoka. Alikaa palepale akimwangalia mumewe. Mwalimu aliuliza, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye homa, "Huyo aliyetolewa alikuwa anaitwa nani?"

"Hatujui. Baba yake alikataza kutajwa."

"Walimpeleka wapi? Saadani? Bagamoyo?"

"Walikwenda mashariki. Mashariki tu. Kwa nini unauliza hivyo, mwanangu?"

Hapo ndipo aliposema. Hakutazama mtu, alitazama mikono yake iliyokuwa na maziwa. Alisema bibi yake mzaa baba alikuwa akikaa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yao kule Pangani, chumba cha karibu na jiko, na wageni walipokuja hakuitwa. Alikuwa amezaa na mwenye shamba la miwa, na mtoto wake akapewa jina la baba na nafasi ya baba, lakini yeye mwenyewe alibaki chumba cha nyuma. Omari alikuwa mdogo sana bibi huyo alipokufa. Alichokikumbuka ni harufu ya mafuta ya nyonyo kichwani mwake, na neno moja alilokuwa akimwambia kila asubuhi akimshika kidevu. Watoto wengine walisema ni neno la kichaa. Miaka mingi baadaye, akiwa mwalimu kijana anasafiri kwenda Tabora, treni ilisimama Gulwe, na mwanamke aliyekuwa akiuza kuku akamwinulia uso dirishani akamwambia, "Mbukwa."

"Nilishindwa kujibu," alisema. "Yule mama alidhani namdharau. Treni ikaondoka, nami nikawa nalia mbele za watu mpaka Dodoma." Tangu hapo aliomba kazi huku, akakataliwa, akaomba tena, akapata. Alitembea vijiji vyote vya Mpwapwa akiuliza wazee kama kuna ukoo uliopoteza binti. Na kila kijiji kilikuwa nao. Hilo hakulitarajia. Hakuna alikouliza wakasema sisi hatukupoteza mtu.

Kisha akafanya jambo ambalo hata leo likinijia naona aibu kana kwamba nilikuwa nimechungulia mahali nisipostahili. Aliteremka kitini akakaa sakafuni mbele ya bibi Perisi, mzee mzima mwenye mvi, akasema, "Bibi, huenda ni huyo. Sema tu kwamba huenda ni huyo. Nikifa nizikwe nina watu wangu."

Machozi yalimtoka bibi, lakini alitikisa kichwa. "Waliotolewa walikuwa wengi, mwalimu. Nikikubali kwa huruma nitakuwa nakudanganya. Kama ungekuwa na jina ningelichukua, ningekwenda nalo kwa wazee. Huna hata jina?"

"Sina," alisema Mwalimu.

Kwa miaka mingi nilimlaumu bibi moyoni. Ingemgharimu nini? Neno moja tu. Sasa nina umri wake wa wakati ule, na nimeanza kuelewa kwamba kwake kumpa mgeni nafasi ya mtu aliyepotea ilikuwa sawa na kumtoa yule binti mara ya pili. Lakini sina hakika. Nikiwa peke yangu, bado namwona yule mzee sakafuni, na bado natamani bibi angedanganya.

Baada ya siku ile Mwalimu hakuchora tena juu ya kitambaa. Nazi zililetwa, Bi Zuhura akapika, tukala kimya. Mvua zilipokaribia, kifua kilianza kumsumbua. Alikohoa mpaka akainama, na miguu ikavimba. Mganga wa zahanati alisema moyo umechoka, apelekwe hospitali kubwa. Bi Zuhura akampigia simu kaka mkubwa wa Mwalimu kwa kupitia ofisi ya stesheni, na kaka akaja, Bwana Athumani, mtu mrefu wa kanzu safi na kofia ya viua, mzuri wa sura, mpole, ambaye nilipomwamkia shikamoo aliniitikia marahaba kwa namna iliyonifanya nijione mtoto wa heshima. Alikuja na mpango kamili: keshokutwa wapande treni, ndugu wawapokee, Omari akatibiwe Tanga, halafu akapumzike nyumbani Pangani, asikilize mawimbi. Alilala kwa jirani, mfanyabiashara mmoja wa Kondoa, lakini mchana kutwa alishinda nasi.

Niliwasikia jioni hiyo kutoka chumbani kwangu. Mvua ya kwanza ilikuwa ikipiga bati kisha inaacha, na ilipoacha sauti zao zilikuja wazi.

"Nitakwenda," alisema Mwalimu Omari. "Nitapanda treni nawe. Lakini niambie jina la bibi."

"Jina gani? Bibi yetu ni mtu wa Pangani."

"Kaka. Mimi nakufa."

"Usiseme hivyo."

"Nakufa, nawe unajua. Wewe ulikuwa mkubwa. Ulikuwa unampelekea chakula. Alikwambia nini?"

Mvua ilipiga tena. Ilipopungua nilimsikia Bwana Athumani, bado kwa upole uleule. "Mwanangu anaolewa mwezi wa mfungo sita. Watu wale wameuliza nasaba yetu mpaka babu wa babu. Unajua kwetu neno moja linavyotembea. Leo uliseme Gulwe, keshokutwa linasemwa barazani pale pantoni. Watamwita binti yangu mjukuu wa nani? Unataka nimfanyie hivyo kwa ajili ya mfupa ulio ardhini?"

"Sitamwambia mtu."

"Umeshamwambia kila mzee wa bara hili, Omari. Miaka yote hii unatutembeza uchi. Sina jina la kukupa."

"Basi nenda peke yako."

Hakupanda treni. Bwana Athumani naye hakuondoka. Alisema atamsubiri atulie, atakubali tu, inshallah. Lakini mvua haikumsubiri mtu. Mto Kinyasungwe, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu ambao watoto huchezea, ulishuka mwekundu ukiwa na miti mizima, ukala tuta la reli chini ya stesheni, na reli ikabaki inaning'inia hewani. Hapakuwa tena na treni ya kwenda popote. Mwalimu Omari alifariki asubuhi, Bi Zuhura amemshika mgongo akimnywesha uji. Alikataa kijiko, akaegemea, basi. Walimzika siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri, kwenye makaburi ya Waislamu juu kidogo ya mto, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara Warangi na Wagogo wachache waliosimama nje ya ua. Mimi nilibaki uani na akina mama. Nilikuwa na mikono mitupu, sijui niiweke wapi.

Bi Zuhura akaingia eda. Lilitundikwa pazia la khanga kati ya chumba cha mbele na cha ndani, na Bwana Athumani, ambaye sasa alikuwa amenasa Gulwe kama sisi wote, alikuja kula mbele ya pazia. Mimi ndiye niliyepeleka sahani. Hapakuwa na wali wala nazi, barabara ya Mpwapwa nayo ilikuwa matope. Alikula ugali wa uwele na mlenda, polepole, akitafuta namna ya kuumeza. Hakulalamika hata mara moja. Alikonda. Wiki ya pili kanzu yake ilikuwa na rangi ya udongo wa huku na yeye mwenyewe alikuwa amezeeka. Siku moja mchana, alipokwisha kunawa, hakuondoka. Alibaki ameshika beseni.

"Shemeji," alisema kuelekea pazia.

"Nakusikia."

"Alikuwa akiitwa Mbeleje."

Nilisimama na sahani mkononi.

"Alisema kwao ni Haneti. Alinifundisha niseme, Mbeleje wa Haneti, Mbeleje wa Haneti, kama unavyomfundisha mtoto sura. Alisema nikiwa mkubwa niende nikawaambie kwamba hakufa njiani. Ndivyo alivyosema: waambie sikufa njiani. Nilimwahidi. Alipokufa, baba alisema asizikwe kwetu. Wakamvusha mto wakamzika kule shambani pamoja na watu wa mtambo. Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi. Omari alibaki nyumbani, alikuwa mdogo."

"Na ulijua," alisema Bi Zuhura. "Siku zote."

"Aliniuliza mara ya kwanza tukiwa vijana. Nilimpiga kofi. Baada ya hapo, kila mwaka uliopita ukafanya iwe vigumu zaidi."

"Alitembea Mpwapwa yote kwa miguu, shemeji. Haneti, kule kaskazini ya Dodoma, hakufika. Hakuna aliyemwambia aende huko."

Bwana Athumani aliinama juu ya beseni. Sikumwona akilia, niliona mabega tu. Bi Zuhura hakusema neno tena, na sijui kama alimwambia kitu kingine mpaka reli ilipotengenezwa. Lakini aliniita ndani, akaniambia nimpe shemeji yake maziwa yaliyobaki, kwa kuwa hakushiba.

Asubuhi yake, kabla jua halijawa kali, aliingia chumbani kwangu amejifunika shuka jeupe la eda kutoka kichwani. Mjane wa Kiislamu hatoki nje siku hizo, na nilijua, na yeye aliona kwamba najua. "Nisindikize," alisema. Tulipita nyuma ya nyumba, kando ya reli iliyopinda, tukapanda kwenye makaburi. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kushuka kwa mvua. Nilisimama kwenye ua wa minyaa, nikamwacha aende peke yake. Hakupiga magoti, hakulia. Alisimama upande wa kichwani, akainama kidogo kama mtu anayemwamsha mume aliyelala mchana, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa akimwitia chakula, akasema, "Omari. Anaitwa Mbeleje. Kwao Haneti." Alisubiri kidogo. Kisha akaliweka sawa shuka lake, akaja nilipokuwa, akaniambia turudi upesi, mgeni hajanywa chai.